Nani Alipe Kina cha Maji? Mkono wa Serikali katika Bandari ya Tanga

(Mhadhara wa wazi)



Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kila mgeni huufasiri apendavyo. Wengine husema ni ukarimu, wengine kejeli. Ugomvi huo nauacha kwa wazee wa baraza. Ninachojua ni kwamba kwa miaka mingi kulikuwa na mgeni mmoja aliyeukaidi msemo huo bila kupenda, naye ni meli. Ilikuja leo na leo haikuondoka. Ilitia nanga huko nje, kama mita 1,700 kutoka gatini, kwa sababu kwenye gati lenyewe kina cha maji kilikuwa kama mita tatu hivi, na meli ya mizigo si ngalawa. Basi ikabidi mzigo ufuatwe. Matishari yakavutwa mpaka ubavuni mwa meli, winchi zikashusha, tishari likajaa, likavutwa kurudi, na kreni ya nchi kavu ikaanza kazi ileile upya.

Mjomba wangu alikuwa karani wa tali. Alihesabu magunia mara mbili, kwanza kule melini, kisha gatini, na akirudi nyumbani jioni alikuwa na hadithi za hesabu mbili zilizokataa kulingana. Utotoni nilidhani hiyo ndiyo kazi ya bandari, kubishana juu ya gunia lililopotelea kati ya maji na nchi kavu. Baadaye sana ndipo nikaelewa kuwa ubishi ule ulikuwa na bei. Kila shehena iliyopita Tanga ililipiwa upakuaji mara mbili, na meli ililipiwa kila siku iliyolala nangani. Mwenye meli hasamehe siku, humwandikia mwenye mzigo. Mwenye mzigo naye humwandikia mwenye duka, na mwenye duka anawajua nyie wote kwa majina.

Mwaka 2019 kazi ya kuliondoa tatizo hilo ikaanza. Awamu ya kwanza ilikuwa kuchimba lango la bandari na eneo la kugeuzia meli na kununua mitambo, shilingi bilioni 172.3. Awamu ya pili ilikuwa kujenga magati mawili yenye urefu wa jumla wa mita 450 na kuyafikishia kina cha mita 13, shilingi bilioni 256.8. Jumla yake bilioni 429.1, zilizotolewa na Serikali kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA, na mkandarasi akawa kampuni ya Kichina ya China Harbour. Uwezo wa bandari, uliokuwa tani 750,000 kwa mwaka, ukapandishwa hadi tani milioni 3. Leo meli inafunga kamba gatini, na shehena ya mwaka imeshavuka tani milioni moja. Matishari yamebaki kuwa kumbukumbu ya mjomba wangu na ya wazee wachache walioketi hapa mbele.

Tumeshangilia, na ilikuwa haki yetu. Ila sikuja kushangilia. Nimekuja kuuliza swali ambalo kwenye shangwe huonekana la mtu mchoyo: fedha zile ni za nani, na je, zinarudi? Hoja yangu naiweka mezani mapema ili atakayeondoka kabla ya chai aondoke nayo. Bandari ina kitu ambacho huwezi kumlipisha mteja bila kumfukuza, nacho ni kina cha maji pamoja na ukuta wa gati. Hicho Serikali ikilipe. Lakini ikilipe kwa jina lake. Kama ni ruzuku, iandikwe ruzuku. Kama ni mkopo, uandikwe mkopo, na kama ni dhamana, iandikwe dhamana. Kila jina kati ya hayo linamtwika mtu tofauti mzigo siku mambo yakienda kombo.

Tuanze na hesabu, ya penseli tu. Tuseme bilioni 429.1 zirudishwe kwa miaka 20 bila riba hata senti. Kila mwaka zinahitajika kama bilioni 21.5. Bandari ikipitisha tani milioni moja, kila tani inabeba shilingi 21,500. Tani moja ya mbolea ni mifuko 20 ya kilo 50, kwa hiyo kila mfuko unaongezewa zaidi kidogo ya shilingi 1,000. Sasa tuingize riba, tuseme asilimia 8, maana hakuna anayekopesha kwa kusikiliza taarabu. Malipo ya mwaka yanaruka hadi karibu bilioni 44, na mfuko ule unabeba shilingi 2,185. Mkulima wa Lushoto au wa Babati hazijui hizo bilioni, anazijua hizo elfu mbili.

Bandari ikijaa, yaani ikipitisha tani milioni 3, mzigo ule kwa mfuko unashuka hadi kama shilingi 730, riba ikiwa humohumo. Ukitoza nyingi leo wakati bandari haijajaa, mzigo unakwenda kwingine. Ukienda kwingine, tani zinapungua, na zilizobaki lazima zitozwe zaidi. Mfanyabiashara wa Arusha hana kiapo na Tanga. Ana simu mbili, ya wakala wa forodha wa hapa na ya wakala wa Mombasa, na hupiga zote asubuhi moja. Ndiyo maana nasema kina cha maji hakilipiki na mteja wa mwanzo. Gati hudumu nusu karne au zaidi, benki inataka chake ndani ya miaka 10 au 15, na katikati ya vipindi hivyo viwili kuna bonde ambalo hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayekubali kulijaza kwa fedha zake.

Historia ya Tanga inalishuhudia jambo hilo vizuri kuliko penseli yangu. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na iliyoianza ilikuwa kampuni binafsi ya Wajerumani. Ilitambaa hadi Muheza, fedha zikaisha, ikakaa. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua, ikaisukuma mbele hadi Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo habari ya mwekezaji binafsi kuanza na serikali kumalizia hapa kwetu ina zaidi ya karne. Kisha vita vikaja. Waingereza, wakiwafukuza Wajerumani, walitandika reli ya haraka kutoka Voi kupitia Taveta mpaka ikaungana na ya kwetu Kahe. Ilikuwa reli ya kubebea askari na mizinga, lakini vita vilipokwisha haikuondoka na askari. Kahawa ya Kilimanjaro ikapata njia ya kwenda Mombasa, na Tanga ikabaki na mkonge wake. Maamuzi ya kijeshi ya miezi michache yaligawa shehena kwa miaka mingi kuliko mpango wowote wa uchumi uliopata kuandikwa juu ya bandari hii.

Nalitaja hilo kwa sababu leo tuna kina cha mita 13 na bado shehena ya kaskazini inaamuliwa nchi kavu. Treni ya mizigo ilirudi katika njia ya Tanga na Moshi mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Ni jambo jema, ila njia ni ileile ya kale, nyembamba, yenye kona za mhandisi wa Kijerumani aliyekwepa kila kilima ili aokoe fedha. Serikali ikisema imeisaidia bandari, iulizwe kama imesaidia pia maili ya kwanza baada ya geti. Gati bila njia ya kutokea ni baraza tu, pazuri pa kupungia upepo.

Sasa turudi kwenye majina ya fedha, maana hapo ndipo wengi hulala.

Jina la kwanza ni mapato ya Mamlaka yenyewe. Watu husema, "TPA imejenga kwa fedha zake," kana kwamba hizo si za umma. TPA ni mfuko mmoja wenye bandari nyingi, za bahari na za maziwa, na sehemu kubwa mno ya mapato hayo hutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo anayeshusha kontena Dar es Salaam kwenda Lubumbashi amechangia gati la Tanga, na hakuulizwa. Sisemi ni vibaya. Ndugu mkubwa kumsomesha mdogo ni desturi yetu. Lakini nyumbani tunajua nani alimlipia nani ada, na kwenye vitabu vya bandari hilo halisomeki kwa urahisi. Kitabu cha Tanga peke yake, mapato yake, matumizi yake na deni lake, kingetufaa. Hata kama kingetuaibisha.

Jina la pili ni mkopo wa nchi unaopitishiwa bandari. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Dar es Salaam. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345 kwa ajili ya kuchimba kina na kuimarisha gati namba 1 hadi 7, na Uingereza ikaongeza msaada wa dola milioni 12. Anayedaiwa na Washington ni Jamhuri, siyo bandari. Bandari ikishindwa, Hazina inalipa, na Hazina ni mimi na wewe na yule mama muuza mihogo wa Makorora anayelipa kodi ndani ya bei ya mafuta ya kupikia. Faida yake ni riba ndogo na muda mrefu, na kwa kina cha maji sioni fedha bora kuliko hiyo.

Jina la tatu ndilo ninaloliogopa, nalo ni ahadi. Serikali haitoi fedha, inatoa neno. Inamwambia mkopeshaji, "Shehena itakuja, nisiposema kweli nidai mimi." Jirani zetu wa Kenya walipojenga reli ya kisasa kutoka Mombasa, Mamlaka ya Bandari ya huko ilitia saini mwaka 2014 mkataba wa kuhakikisha kiasi fulani cha mzigo kinapanda treni, na pakipungua pengo lilipwe. Wafanyabiashara wakajikuta kontena zao zinapandishwa treni wapende wasipende. Malalamiko yakaenda hadi mahakamani. Mji wa Mombasa, uliokula kwa malori, vituo vya mafuta na mama ntilie wa barabarani, ukahisi njaa ya karatasi ambayo wakazi wake hawakuiona ikitiwa saini. Ahadi haionekani kwenye bajeti siku inapotolewa. Huonekana siku inapodaiwa.

Jina la nne halifanani na fedha kabisa: ni amri. Mtwara walijengewa gati jipya la mita 300 kwa shilingi bilioni 157.8, likapandisha uwezo kutoka tani 400,000 hadi milioni moja. Lakini korosho ziliendelea kupanda malori kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaelekeza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Mtwara. Naelewa kwa nini, na watu wa Mtwara wana haki ya kufurahi. Lakini amri ya kupitisha mzigo ni ruzuku pia, ila imelipwa na mwenye mzigo. Kama kontena tupu ni adimu kusini na meli hazina ratiba, gharama ya tofauti hiyo inatoka kwenye bei ya kilo moja ya korosho. Na ninyi wa Tanga msinicheke. Siku tani milioni 3 zikichelewa kufika, tutapiga kelele za amri kama hiyo, na mkonge, klinka na mbolea vitafungwa kamba kuletwa hapa.

Mtwara ina funzo lingine, la zamani. Bandari ile ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Fedha zilikuwa za umma, za walipa kodi wa London. Bandari ikajengwa, reli ikajengwa kuelekea Nachingwea, matrekta yakaletwa. Karanga hazikuota kama zilivyoota kwenye karatasi. Mwaka 1951 mpango ukafa, takribani pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 1960. Gati likabaki, zuri, refu, likisubiri shehena kwa zaidi ya nusu karne. Anayesema mkono wa serikali ni dhamana ya mafanikio akatembee pale Shangani ya Mtwara jioni moja.

Basi kwa nini bado nasema Serikali ilipe? Kwa sababu kina cha maji ni kama barabara. Hakichagui meli ya nani. Kreni, maghala, mizani, kompyuta za kutolea mizigo, hivyo vyote vina mteja anayeonekana na vinaweza kulipiwa na mwendeshaji mwenye mkataba wa miaka kadhaa. Ushuru wa gati uvibebe. Nitaupigia kura hata mkataba na mwekezaji kwa ajili ya kreni, ilimradi nisome masharti yake kabla haujasainiwa. Lakini usimpe mwekezaji huyo mfereji wa kuingilia. Mwenye mlango wa bahari ana mji.

Na mlango huo haukai wazi wenyewe. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu sijasikia hotuba yoyote ya uzinduzi ikilizungumzia jambo hili.

Mito ya Sigi na Mkulumuzi inamwaga maji kwenye ghuba yetu. Sigi inatoka Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, inapita bwawa la Mabayani tunakochota maji ya kunywa, ndipo inateremka baharini. Masika ikiwa nzito maji yake hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na rangi ile ni udongo wa watu. Mkulima anayelima mpaka ukingoni kule juu, mkata magogo, anayechoma mkaa, hawamjui rubani wa bandari, lakini wote wanamfanyia kazi au wanamharibia. Udongo hutulia pale maji yanapotulia, na maji hutulia palepale tulipochimba, kwa kuwa shimo ndipo mahali patulivu kuliko pote. Mita 13 za siku ya kukabidhiwa si mita 13 za milele. Maji ya bamvua yatakuficha hilo mwaka mmoja, miwili. Halafu siku moja nahodha wa meli kubwa atakataa kuingia maji yakiwa mafu, akasubiri yajae nje kule, kwenye nanga ileile ya zamani, na sote tutajifanya hatukumwona.

Kuchimba mara ya kwanza kuna utepe na mkasi. Kuchimba mara ya pili kuna hati ya malipo tu, na hati ya malipo haina mpiga picha. Fedha za uzinduzi hupatikana, za kufagia hazipatikani. Kwa hiyo kama mnataka kujua Serikali inaisaidia bandari hii kweli au ilitoa zawadi ya arusi tu, msitazame bilioni 429. Tafuteni fungu la kuchimba tope katika bajeti ya mwaka wa tano baada ya mkandarasi kuondoka. Tazameni pia kama kuna hata shilingi moja inayotoka bandarini kwenda Amani kupanda miti, maana mche mmoja kule juu ni nafuu kuliko ndoo moja ya tope huku chini.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika kwenye vitabu, nayo ni ya wavuvi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya huko. Gati la kwanza lilifunguliwa miaka mitatu baadaye. Fidia ile haikuwa kwenye hesabu ya kwanza ya mradi, ilibidi idaiwe kwa wanasheria. Sisi tuna bahari yenye silikanti, samaki waliodhaniwa wametoweka tangu enzi za dinosaria, na tangu mwaka 2009 tuna hifadhi ya bahari yenye jina lao. Silikanti haendi mahakamani. Mvuvi wa Chongoleani anaweza kwenda, na anaona bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima likimalizikia uani kwake. Nani ana daftari la mvuvi yule, la kilo alizovua kabla na kilo anazovua sasa? Kama hakuna, siku ya kudai hatakuwa na ushahidi, na bandari nayo haitakuwa na utetezi.

Nimalizie kwa ombi moja dogo, halihitaji sheria mpya wala semina. Wapimaji wa bandari hupima kina kwa mawimbi ya sauti na kuchora ramani. Naomba namba moja tu kutoka kwenye ramani ile, kina cha leo pale gatini maji yakipwa kabisa, iandikwe kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi getini, mahali dereva wa lori na mwandishi wa habari na mwanafunzi wa shule ya Usagara wataiona wakipita. Kando yake iandikwe tarehe ya kupimwa. Ikisoma 13, tunywe chai. Ikianza kusoma 12 na nukta, tutajua wa kumpigia simu, na tutampigia kabla ya bunge la bajeti.

Namwona rubani mstaafu safu ya tatu, anatikisa kichwa tangu nilipotaja bamvua. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, mpe kipaza sauti yeye kwanza.